Uchaguzi wa Mbegu za Kiume katika Tiba ya Ugumba: Maelezo kwa Watumishi wa Kanisa

UTANGULIZI

Mchungaji yeyote aliyehudumu usharikani kwa miaka michache amewahi kuketi na watu wawili waliofunga ndoa kwa shangwe, na ambao sasa wamemjia bila mtoto. Aghalabu mke ndiye aanzaye kusema, kwa kuwa ndiye aulizwaye na mama mkwe, na ndiye aliyekwisha kupelekwa kwa wauguzi, kwa waganga na kwa waombezi. Mume huketi kimya. Akiulizwa kama yeye mwenyewe amewahi kupimwa, hujibu kwamba hakuna haja, maana nguvu zake anazo zote.

Katika miaka ya karibuni wako pia wenzi wanaokuja na karatasi mkononi. Wamekwenda kwenye kliniki ya uzazi mjini, au hata nje ya nchi, nao wamepewa orodha yenye herufi wasizozielewa: ICSI, IMSI, PICSI, MACS, na mbele ya kila neno imeandikwa bei. Wanauliza maswali mawili. La kwanza: je, ni dhambi? La pili: je, tuuze shamba? Mchungaji hulitarajia swali la kwanza, lakini mara nyingi lile la pili ndilo lenye uzito mkubwa zaidi. Wala hawezi kulijibu lolote kati ya hayo ikiwa hajui ni jambo gani hasa linalofanyika katika maabara.

Makala hii yakusudia kueleza jambo hilo kwa lugha ya kawaida. Kwanza tutaona ugumba wa mwanamume ni nini. Pili, tutaeleza jinsi mwili wenyewe unavyochagua mbegu, na jinsi maabara inavyojaribu kuuiga. Tatu, tutapima ushahidi uliopo juu ya njia mpya. Mwisho tutagusa maswali ya dhamiri na ya huduma.

1. UGUMBA WA MWANAMUME NI NINI?

Shirika la Afya Duniani husema kuna ugumba pale ambapo wenzi hawakupata mimba baada ya kukutana kimwili mara kwa mara, bila kinga, kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Katika taarifa yake ya mwaka 2023 Shirika hilo lilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita ulimwenguni hupatwa na hali hiyo wakati fulani maishani mwake. Katika takribani nusu ya ndoa zenye shida hiyo, upande wa mwanamume una sehemu yake, ama peke yake ama pamoja na upande wa mwanamke. Hivyo desturi ya kumtaja mke kuwa tasa kabla mume hajapimwa haina msingi wowote katika elimu ya tiba.

Hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo watu wetu huyachanganya. Uhanithi ni kushindwa kutenda tendo la ndoa. Ugumba ni kushindwa kutunga mimba. Mwanamume aweza kuwa na nguvu zote za kiume na shahawa zake zikaonekana za kawaida machoni, kumbe ndani yake hamna mbegu hata moja. Shahawa ni majimaji, ambayo sehemu kubwa hutoka katika tezi nyingine. Mbegu zenyewe hutengenezwa katika korodani, nazo ni ndogo kiasi kwamba haziwezi kuonekana bila hadubini. Kwa hiyo yule asemaye, "Nina nguvu, basi si mimi," anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Kipimo cha kwanza ni rahisi na hakina maumivu. Mwanamume hujizuia siku mbili hadi saba, kisha hutoa shahawa katika chombo safi, nazo huchunguzwa mapema, yaani ndani ya saa moja hivi. Mtaalamu hutazama wingi, mwendo na umbo la mbegu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja viwango vya chini vinavyotumika kama alama: ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 katika kila mililita, asilimia 42 ziwe zenye kujongea, na asilimia 4 ziwe na umbo sahihi. Yafaa ikumbukwe kwamba viwango hivi si mstari unaotenga wazaao na wasiozaa. Wako walio chini yake ambao wamepata watoto, na wako walio juu yake ambao hawakupata. Tena kipimo kimoja kibaya hakitoshi, yafaa kirudiwe.

Sababu za upungufu ni nyingi. Mishipa ya damu ya korodani yaweza kuvimba na kuongeza joto mahali ambapo Muumba aliweka ubaridi kidogo kuliko sehemu nyingine za mwili. Kisonono na klamidia zisizotibiwa huweza kuziba njia za mbegu. Matumbwitumbwi yakimpata kijana aliyekwisha kubalehe huweza kuharibu korodani. Wengine walizaliwa korodani zikiwa hazijashuka, na wengine wana kasoro ya urithi katika kromosomu. Sigara, ulevi na dawa za kujenga misuli zenye homoni za kiume nazo hudhuru. Nazo hizi za mwisho huwashangaza vijana, maana dawa inayotuna misuli huweza kusimamisha kabisa utengenezaji wa mbegu. Baadhi ya sababu hizi hutibika kwa dawa, kwa upasuaji mdogo au kwa kubadili mwenendo. Na kwa kuwa mbegu huchukua muda wa miezi miwili na nusu hivi kutengenezwa, matokeo ya tiba hayaonekani kesho yake. Uvumilivu ni sehemu ya dawa.

2. JINSI MWILI UNAVYOCHAGUA

Wapo wanaoshtuka wasikiapo kwamba maabara "inachagua" mbegu, kana kwamba binadamu ameinyakua kazi isiyo yake. Lakini uchaguzi upo hata pale ambapo hakuna maabara. Katika tendo moja la ndoa hutolewa mbegu nyingi, mara nyingi zaidi ya milioni 100. Nyingi hufia ukeni, ambamo mna uchachu. Nyingine hukwama katika ute wa mlango wa kizazi, ambao huwa mwepesi na wenye kupitika siku za kupevuka kwa yai tu. Zilizopita hupanda katika mfuko wa uzazi, na kutoka humo ni mamia machache tu yanayofika karibu na yai ndani ya mrija. Hapo nazo hukutana na utando wa nje wa yai, na kwa kawaida moja tu huingia.

Kwa hiyo safari yenyewe ni chujio. Mbegu isiyo na mwendo haifiki. Yenye umbo baya hukwama. Chujio hili si kamili, maana hata mimba za kawaida huharibika, lakini ni la ajabu kwa wingi wa malango yake. Swali la maabara ni hili: tukiiondoa safari hiyo, au tukiifupisha, ni nini kitakachochuja mahali pake?

3. NJIA MBILI ZA ZAMANI

Antonie van Leeuwenhoek wa mji wa Delft, Uholanzi, aliziona mbegu za kiume kwa hadubini yake mwaka 1677. Ilipita miaka mingi kabla elimu hiyo haijaleta faida kwa wagumba. Kwa upande wa mifugo mambo yalikwenda kasi zaidi, na wasomaji wetu wa Arusha wanakijua Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, ambako mbegu za madume bora ya ng'ombe hutayarishwa kwa ajili ya wafugaji. Yale wayaonayo huko yatawasaidia kuelewa sehemu ya haya, ingawa mwanadamu si ng'ombe, na kusudi la tiba si kuboresha kizazi bali ni kumsaidia mgonjwa.

Katika tiba ya binadamu, shahawa haziwezi kuingizwa moja kwa moja katika mfuko wa uzazi, maana majimaji yake huleta maumivu makali, na huweza kuleta maambukizo. Ni lazima mbegu zitenganishwe na majimaji hayo. Njia mbili hutumika mpaka leo.

Ya kwanza ni ya kuogelea. Shahawa huwekwa katika bomba la maabara, na juu yake humiminwa kwa uangalifu kimiminika safi chenye chumvi na lishe. Bomba huinamishwa na kuachwa kwa muda wa saa moja hivi katika joto la mwili, nyuzi 37. Mbegu zenye mwendo mzuri huogelea na kupanda kwenye kimiminika safi. Zilizokufa, takataka na chembe nyingine hubaki chini. Mtaalamu huchota zile za juu. Njia hii ni nyepesi na haina gharama kubwa, lakini yahitaji mbegu ziwe nyingi tangu mwanzo.

Ya pili ni ya tabaka. Katika bomba hupangwa tabaka mbili za kimiminika chenye punje ndogo mno za silika, madini ya jamii ya mchanga. La chini ni zito zaidi kuliko la juu. Shahawa huwekwa juu, kisha bomba huzungushwa kwa kasi katika mashine. Mbegu zilizokomaa, ambazo vichwa vyake vimeshikamana vizuri na hivyo ni vizito, hupenya mpaka chini. Changa na zenye kasoro hukwama njiani. Njia hii hufaa hata pale mbegu zilipo chache.

Njia hizi mbili zikiunganishwa zilileta faida nyingine inayotuhusu sana Afrika ya Mashariki. Virusi vya UKIMWI hukaa zaidi katika majimaji ya shahawa na katika chembe nyeupe za damu zilizomo, si katika mbegu yenye mwendo. Mwaka 1992 daktari Augusto Semprini na wenzake wa Milano, Italia, walitangaza matokeo ya kuosha mbegu za waume wenye virusi kwa njia hizi na kuwahimilisha wake zao bila kuwaambukiza. Leo haja ya uoshaji huo imepungua sana, kwa kuwa mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi kwa uaminifu, mpaka virusi visionekane katika kipimo cha damu, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Lakini historia hii yaonyesha kwamba uchaguzi wa mbegu uliwahi kuokoa uhai, wala haukuwa anasa.

4. SINDANO NDANI YA YAI

Tarehe 25 Julai 1978 alizaliwa Louise Brown huko Oldham, Uingereza, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili wa mama. Kazi hiyo ilifanywa na Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy. Yafaa tutambue kwamba tiba hiyo ilikusudiwa kwanza kwa wanawake ambao mirija yao imeziba. Yai na maelfu ya mbegu viliwekwa pamoja katika sahani, na mbegu ziliachwa zishindane. Mwanamume mwenye mbegu chache mno au dhaifu mno hakupata msaada mkubwa.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1992, wakati Gianpiero Palermo na wenzake wa Brussels, Ubelgiji, walipotangaza mimba zilizopatikana kwa kudunga mbegu moja ndani ya yai moja. Hii ndiyo njia iitwayo ICSI. Yai lina upana wa sehemu ya kumi ya milimita. Kichwa cha mbegu ni kidogo kuliko hapo mara ishirini. Mtaalamu hulishika yai kwa bomba la kioo, huivunja mbegu mkia ili isijongee, huinyonya katika sindano nyembamba, kisha huipenyeza ndani ya yai. Tangu hapo, mwanamume mwenye mbegu kumi tu aliweza kuwa baba. Hata yule asiye na mbegu kabisa katika shahawa aliweza kusaidiwa, maana daktari hufungua korodani na kuzitafuta humo humo. Ikiwa njia tu ndizo zilizoziba, mbegu kwa kawaida hupatikana. Ikiwa korodani yenyewe ndiyo yenye ugonjwa, upasuaji wa kutumia hadubini huzipata kwa takribani nusu ya wanaume hao. Nusu nyingine hurudi nyumbani bila kitu, nao wapaswa kuambiwa hivyo kabla ya kisu.

Lakini tazama kilichotokea. Malango yote tuliyoyataja yameondolewa kwa mara moja: ute, mfuko wa uzazi, mrija, utando wa yai. Mahali pa malango hayo pameketi mtu mmoja mbele ya hadubini, naye anachagua kwa macho. Huona kama mbegu inajongea na kama umbo lake linapendeza. Haoni kilichomo ndani ya kichwa, yaani DNA, ambayo ndiyo mzigo wenyewe wa urithi. Mbegu yaweza kuwa nzuri kwa nje huku nyuzi zake za DNA zimekatika. Shida hii ndiyo iliyozaa njia mpya.

5. NJIA MPYA NA MAANA YA HERUFI ZAKE

IMSI ni kutazama kwa ukuzaji mkubwa zaidi. Hadubini ya ICSI hukuza mara 200 hadi 400. Hii hukuza mara 6000 na zaidi, kwa msaada wa kompyuta. Mtaalamu huweza kuona vitundu vidogo katika kichwa cha mbegu, na kuziacha zilizo navyo. Njia hii ilianzishwa na Benjamin Bartoov na wenzake wa Israeli mwanzoni mwa miaka ya 2000.

PICSI hutumia asidi ya hayaluroni, kitu ambacho kwa asili hulizunguka yai. Mbegu iliyokomaa ina vishikio vya kuing'ang'ania; changa haina. Sahani hupakwa matone ya kitu hicho, na mbegu zilizonata ndizo zinazochaguliwa. Hapa maabara inajaribu kurudisha lango moja kati ya yale yaliyoondolewa.

MACS hutumia sumaku. Seli inayoanza kufa hugeuza mafuta fulani ya utando wake yakatokea upande wa nje. Punje ndogo za chuma zilizopakwa protini ya kuyashika mafuta hayo huchanganywa na mbegu. Kisha mchanganyiko hupitishwa kwenye sumaku. Zile zinazokufa hunaswa, na nzima hupita.

Iko pia njia ya vijifereji, ambayo ni kipande cha plastiki chenye mifereji myembamba kama unywele. Mbegu hulazimika kuogelea humo bila kuzungushwa katika mashine, jambo linalopunguza madhara ya kuzungushwa kwa kasi. Na pale ambapo mbegu zote zimetulia tuli, kuna jaribio la maji yenye chumvi kidogo: mbegu iliyo hai hunywa maji na mkia wake hujikunja, lakini iliyokufa hubaki imenyooka. Jaribio hili ni la zamani na la gharama ndogo, nalo humsaidia mtaalamu kutofautisha aliyelala na aliyekufa.

6. USHAHIDI UNASEMA NINI?

Mambo haya yote yana mantiki, na mwenye shida huvutwa na mantiki. Lakini katika tiba, hoja nzuri si ithibati. Lazima iulizwe: je, wenzi wanaotumia njia hii hupata watoto wengi kuliko wasioitumia?

Jaribio kubwa lililojibu swali hili kwa upande wa PICSI lilifanyika Uingereza na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2019. Wenzi 2,772 waligawanywa kwa kura: nusu walipata PICSI, nusu ICSI ya kawaida. Waliozaa mtoto hai aliyetimiza miezi yake walikuwa asilimia 27.4 katika kundi la kwanza na asilimia 25.2 katika la pili. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba yaweza kuwa ya bahati tu. Mimba zilizoharibika zilikuwa chache zaidi katika kundi la PICSI, takribani asilimia 4 dhidi ya 7. Hilo ni jambo la kufuatiliwa, lakini halikuwa swali kuu la jaribio. Kwa upande wa IMSI, mapitio ya majaribio mbalimbali hayakuonyesha kwa uhakika kwamba huongeza watoto wanaozaliwa hai. Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa uzazi wa Ulaya kilitoa mwongozo kwamba nyongeza za namna hii zisitolewe kwa kila mgonjwa kama jambo la desturi.

Tusikose kuelewa. Haikusemwa kwamba njia hizi ni za uongo. Yawezekana ziko zinazomfaa mgonjwa fulani, kama vile yule ambaye DNA ya mbegu zake imekatika sana, au ambaye mkewe ameharibikiwa mimba mara nyingi. Kilichosemwa ni kwamba haifai kumwambia kila mtu kuwa akilipa zaidi atapata mtoto. Tena umri wa mke, na hivyo ubora wa yai, huamua mengi ambayo uchaguzi wa mbegu hauwezi kuyabadilisha.

Hapa ndipo swali la shamba linapopata jibu lake. Wenzi walio na karatasi ya bei wanaweza kumwuliza daktari maswali matatu. Je, sababu ya ugumba wetu imejulikana, na je, iko tiba nyepesi kuliko hii? Kati ya wenzi mia moja wenye umri na hali kama yetu, ni wangapi wanaozaa mtoto hai hapa kwenu, si wangapi wanaopata mimba tu? Na nyongeza hii, ni jaribio gani lililoonyesha kwamba huongeza idadi hiyo? Daktari mwaminifu hataudhika kwa maswali hayo.

7. MASWALI YA DHAMIRI

Kwanza, je, mbegu zinazoachwa ni watoto waliotupwa? La hasha. Mbegu ina nusu tu ya kromosomu, 23 kati ya 46. Peke yake haiwezi kuwa mtu, na katika mwili wenyewe mamilioni hupotea kila mara. Uchaguzi wa mbegu hufanyika kabla ya utungisho. Kwa sababu hiyo hauna uzito ule ule wa uchaguzi wa viinitete, ambao hufanyika baada yake. Hata hivyo wenzi wafahamu kwamba ICSI huweza kuzalisha viinitete zaidi ya vile vitakavyopandikizwa, na waamue mapema ni mayai mangapi yatungishwe na nini kifanyike kwa vitakavyobaki. Kanisa Katoliki, katika hati yake Donum vitae ya mwaka 1987, limekataa utungishaji wa nje ya mwili kwa sababu, pamoja na nyingine, hutenga uzazi na tendo la ndoa. Walutheri wengi hawajafuata hoja hiyo, nao huliachia jambo hili dhamiri iliyofundishwa. Lakini yatupasa kuiheshimu, hasa pale mmoja wa wenzi atokapo katika kanisa hilo.

Pili, uchaguzi wa jinsia. Mbegu yenye kromosomu X ina DNA nyingi kidogo kuliko yenye Y, takribani asilimia 2.8, na kwa rangi na mwanga wa leza zaweza kutengwa. Mbinu hiyo ilibuniwa Marekani kwa ajili ya mifugo, na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huipenda kwa kuwa wataka mitamba. Inapoletwa kwa binadamu ili mume apate mtoto wa kiume wa kurithi jina, hapo tiba imegeuka kuwa kitu kingine. Hakuna mgonjwa anayeponywa. Kuna binti anayekataliwa kabla hajatungwa. Hapa mchungaji aweza kusema hapana bila kigugumizi.

Tatu, urithi. Wanaume wengine hawana mbegu kwa sababu kipande cha kromosomu Y kimepotea. Mtoto wa kiume atakayepatikana kwa ICSI atairithi Y hiyo hiyo, na yamkini shida ya babaye. Si sababu ya kumkataza mtu, lakini ni sababu ya kupima kabla na ya kumwambia kweli.

Nne, mbegu za mtu mwingine. Ikikosekana mbegu ya mume, wenzi huweza kupewa ya mfadhili. Lakini kuna jambo baya zaidi ambalo halihitaji maabara: mke kushauriwa na wakwe kimya kimya "atafute" kwa shemeji au kwa jirani, ili aibu ya mume ifichwe. Kanisa haliwezi kulaumu sindano huku likifumbia macho desturi hiyo.

8. KAZI YA MCHUNGAJI

Torati, katika Kumbukumbu la Torati 23, ilimzuia mwanamume aliyeharibiwa viungo vya uzazi asiingie katika mkutano wa Bwana. Lakini katika Isaya 56 nabii anamwahidia mtu wa namna hiyo mahali nyumbani mwa Mungu, na jina lililo bora kuliko wana na binti. Na katika Matendo ya Mitume 8, towashi wa Kushi, akiwa na kitabu cha nabii huyo huyo mikononi mwake, anabatizwa na Filipo njiani, tena bila kuulizwa atamwachia nani jina lake. Maandiko haya yamehubiriwa kwetu mara chache mno. Tumezoea kumhubiri Hana aliyelia akapata Samweli, na wanawake wengi wamehukumiwa na mahubiri hayo, kana kwamba asiyepata hakulia vya kutosha. Mwanamume mgumba naye hajasikia neno lolote linalomhusu.

Kwa hiyo mchungaji anayo mambo anayoweza kuyafanya kabla ya kuzungumzia maabara yoyote. Awaite wote wawili, wala asimwite mke peke yake. Katika mafundisho ya ndoa aseme wazi kwamba mtoto asipopatikana, wawili watapimwa, na kwamba kipimo cha mume ndicho chepesi zaidi. Azitunze siri. Akisikia kwamba ukoo unamshauri mume aoe mwingine, aulize kwanza cheti cha maabara kiko wapi. Na pale tiba iliposhindwa, asikimbilie kuahidi muujiza, bali awasaidie wenzi kuona kwamba ndoa yao ilikuwa ndoa kamili tangu siku ile walipoapa, hata kabla ya kufikiria watoto. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na watoto wanaohitaji kulelewa hawajaisha katika sharika zetu.

HITIMISHO

Tumeona kwamba uchaguzi wa mbegu ni jaribio la binadamu la kurudisha kwa mikono kile ambacho mwili hukifanya kwa siri. Njia za kuogelea na za tabaka zimethibitika kwa miaka mingi. Sindano ndani ya yai imewapa ubaba wanaume wasiohesabika. Nyongeza mpya bado zinatafuta ithibati yake, na bei yake imetangulia ithibati hiyo.

Akili iliyobuni mambo haya ni kipawa cha Mungu, na mwenye kuitumia kwa shukrani hatendi dhambi. Lakini wenzi wawili walioketi mbele ya mchungaji wanahitaji zaidi ya ruhusa. Wanahitaji kuambiwa kweli juu ya kile wanachokinunua. Na yule mume aliyekaa kimya anahitaji kusikia, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba aweza kwenda kupimwa, na majibu yakawa mabaya, naye akarudi nyumbani akiwa bado mwanamume, bado mume, na bado ndugu mezani pa Bwana.